Tarehe ya Kurudi

Kila Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, mimi na mke wangu tunatoka nyumbani pamoja, na tukifika kwenye kona ya duka la dawa tunaachana. Yeye anakata kushoto kwenda kanisani. Mimi nasimama. Jumapili moja nakata kushoto nimfuate, Jumapili inayofuata nanyoosha mpaka ukumbi wa shule, ambako wale waliotoka kanisani kwetu wanasali wakiwa wamekalia viti vya wanafunzi, magoti yanakaribia kidevu. Siku moja nilisimama pale konani kwa muda mrefu hata mwuza dawa akatoka kuniuliza kama nina kizunguzungu. Akanikalisha, akanipima presha. Ilikuwa juu. Nikakosa ibada zote mbili.

Watu wamenipa jina la Pande Mbili. Hawaniiti hivyo mbele yangu, lakini katika viungo vyangu vyote masikio ndiyo pekee yaliyokataa kustaafu. Goti limestaafu, macho yamestaafu, na ile sauti iliyokuwa ikitikisa vioo sasa inaomba maji kila baada ya sentensi mbili. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi naona zimeniponyoka zote.

Nilichunga kanisa moja kwa miaka thelathini na minne. Nilipofika lilikuwa kuta nne na turubai. Nilipoondoka lilikuwa na bati, dari, na vipaza sauti ambavyo havikuwahi kuelewana. Nusu ya watu wanaogombana leo nimewabatiza mimi, na nusu nyingine nimewafungisha ndoa. Ndiyo maana inaniuma. Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Neno hili limeharibika, na wazee tulikuwepo, tena tumekaa safu ya mbele.

Lilianza kwa mpiga kinanda wetu. Sote tunamwita Kinanda, kwa sababu tangu siku ambazo miguu yake haikugusa sakafu hakuna aliyemwona kanisani akiwa mbali na kile chombo. Sasa ni mwanamume mzima, fundi wa redio na majokofu, mpole, mchache wa maneno. Siku moja mzee mmoja wa kanisa alimwuliza, kwa nia njema au mbaya Mungu ndiye ajuaye, "Yule mwanamume unayeishi naye ni ndugu yako?" Kinanda angeweza kuitikia ndiyo, na leo tungekuwa tunaimba. Akajibu, "Hapana, mzee. Ndiye mwenzangu. Tunapendana." Mzee akamwomba arudie. Akarudia.

Baraza la wazee likataka jina lake lisomwe, atengwe kama walivyotengwa wengine. Mchungaji kijana aliyenirithi akakataa. Alisema meza ya Bwana si yake, hawezi kumfukuza mtu kwenye meza ya mwenyewe. Wengine wakasema ameuza kanisa. Mwezi haukuisha, nusu ya watu wakahamia ukumbi wa shule, wakiongozwa na mwalimu mkuu mstaafu, rafiki yangu wa siku nyingi, mtu ambaye mpaka leo akiingia mahali watu hunyoosha mgongo. Kinanda mwenyewe hakutengwa na yeyote, ila alifunga kinanda, akaenda kukaa benchi la mwisho. Alisema hataki kuwa sababu. Tangu hapo kanisani wanaimba bila kinanda, na wakifika kwenye ubeti wa tatu kila mtu yuko kwenye ufunguo wake.

Na mimi? Nikimsikiliza mchungaji kijana naona ana haki. Nikimsikiliza mwalimu mkuu naona naye ana haki. Nikirudi nyumbani naona wote wawili wamekosea, nami nimekosea zaidi yao. Nimehubiri miaka yote kwamba dhambi ni dhambi, na sijabadilika. Lakini ni mimi niliyemfundisha Kinanda kuweka vidole, na akipiga wimbo wa msibani hata asiyemjua marehemu hutoa leso. Mambo haya mawili hayataki kukaa chumba kimoja kichwani mwangu. Nimechanganyikiwa, wala sioni haya kusema. Mke wangu hachanganyikiwi. "Zile kuta nilizipiga lipu kwa mikono yangu," husema. "Watakaonitoa mle ni wabeba jeneza."

Niseme kidogo juu ya kutengwa, maana utaratibu ule niliutunga mimi. Mtu akianguka, jina lake lilisomwa Jumapili baada ya matangazo. Kwa miezi sita alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Haimbi kwaya, hapewi mkate wala kikombe. Miezi ikiisha aliitwa mbele, akapiga magoti, nami nikamshika mkono wa kulia na kumwinua, mbele ya kundi lilelile lililosikia jina lake likisomwa. Yote niliyaandika kwenye daftari kubwa la jalada jeusi: jina, kosa, tarehe ya kutengwa, tarehe ya kurudi. Na niliongeza sheria moja niliyojivunia sana. Aliyetengwa haombi kurudi. Anakaa kimya, anasubiri kuitwa. Niliona itawafundisha unyenyekevu.

Wiki tatu zilizopita pande mbili zilikubaliana jambo la kwanza tangu zitengane: kukutana kanisani Jumamosi saa nane mchana, na mimi nije na daftari langu.

Mwalimu mkuu alinitembelea kwanza. Alikataa chai, maana alikuja kikazi. "Baba Mchungaji, wanasema sisi tunafukuza watu. Wasomee. Waone kwamba kila tuliyemtenga tulimrudisha, hata mmoja hakubaki nje. Hilo tu."

Kesho yake akaja mchungaji kijana. Yeye alikunywa chai, vikombe viwili. "Shikamoo, Baba. Nakuomba utazame kama kuna mtu uliyemwacha bila kumtenga. Hata mmoja. Siku ambayo roho ilikusuta ukasema, huyu nimwache."

Niliwajibu wote wawili kwamba nitatazama. Ndivyo ajibuvyo mtu wa pande mbili.

Nikakaa mezani na miwani yangu, dirisha liko wazi, nikafunua ukurasa baada ya ukurasa. Majina mia na ushee. Mengine yalinichekesha. Yule mzee aliyemwuliza Kinanda swali yumo, tena mara mbili, na mara zote kosa lake lilitokea harusini. Kila jina lilikuwa na tarehe zake mbili, na nilikuwa nimeshaanza kumwona mwalimu mkuu akitabasamu, nilipofika kwenye jina lenye tarehe moja. Mahali pa tarehe ya kurudi palikuwa peupe.

Lilikuwa jina la mwanamke tunayemwita Fundi, mshona nguo mwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Alitengwa akiwa na miaka ishirini na minne, mwimbaji wa sauti ya kwanza, kwa kupata mimba bila ndoa. Miezi yake sita iliisha wiki ile mama yangu mzazi alipofariki. Nilisafiri kwenda kuzika, nikakaa wiki tatu. Niliporudi niliambiwa mwinjilisti aliyenishikia nafasi amesharudisha watu waliokuwa wamefika tarehe, nikadhani wote. Kumbe mwinjilisti alimwacha yeye kwa heshima, akifikiri nitapenda kumrudisha mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanakwaya wangu. Daftari likaenda kabatini. Miaka kumi na tisa.

Na Fundi hakukosa Jumapili. Nilimwona kila wiki pale pale, benchi la mwisho karibu na mlango. Mtu atauliza, hukuona kwamba haji mezani? Mchungaji akigawa mkate huona mikono iliyonyooshwa, haoni mikono ambayo haikuja. Nami nilidhani ana pumu. Naapa, miaka yote ile nilidhani anakaa pale kwa ajili ya hewa, hata niliwaagiza wahudumu wasiufunge mlango ule wakati wa mahubiri. Nilijiona mtu mwenye huruma.

Nikamwita mke wangu kutoka uani, nikamwonyesha kwa kidole pale palipo peupe.

Alifuta mikono yenye sabuni, akainama, akasoma. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonishtua.

"Ulijua?"

"Nilijua hapewi mkate. Nilidhani umemkatalia kwa makusudi. Nilikuuliza."

"Lini?"

"Zamani, mtoto wake alikuwa hajaota meno. Ukaniambia mambo ya madhabahuni hayaamuliwi jikoni." Akachukua beseni lake. "Nikarudi jikoni, mzee. Nami sikuuliza tena. Basi tugawane hilo kosa, lakini wewe chukua fungu kubwa."

Siku iliyofuata nilikwenda kibandani. Fundi alikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Nyuma yake yalitundikwa majoho ya kwaya: safu moja ya bluu, safu moja ya rangi ya damu ya mzee.

"Shikamoo, Baba Mchungaji. Karibu, ukae. Toa hizo suruali, si za mtu wa maana." Alitema pini kwenye kiganja. "Usishangae rangi. Bluu ni ya waliobaki, hii nyingine ya waliotoka. Nyie mkigawanyika, sisi wa cherehani tunapata kazi."

Nilicheka, kisha nikaona nini ninachokicheka. Mwanamke huyu alikuwa ameshona majoho ya kwaya kwa miaka kumi na tisa, kwa ajili ya kwaya ambayo hakuruhusiwa kuimba. Joho langu la kustaafia alilishona yeye. Alinipima mabega, akaniambia nimepungua.

Nikafungua daftari mapajani nikamwonyesha mahali peupe. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, maneno mazuri, lakini yalinitoka yote. Nikasema, "Nilisahau."

Alisoma ukurasa ule. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua nimesahau?"

"Mwaka wa kwanza nilidhani bado umekasirika. Wa pili nilidhani unanijaribu. Wa tatu nikajua kwamba umesahau, kwa sababu ulinisalimia vizuri mno. Mtu aliyemtenga mwenzake kwa kujua hamsalimii vile."

"Sasa kwa nini hukuja kuniambia, mwanangu?"

"Si ulisema tusije?" Aliniangalia kama anayenionea huruma. "'Aliyetengwa haombi, anaitwa.' Ulisema hivyo, ukagonga mimbari."

Nilitamani ule mkono uliogonga mimbari ukatike. Nikamwuliza kwa nini basi hakwenda kwingine, makanisa ni mengi, mengine yako njia ile ile ya sokoni. Akasema, "Nilitengwa hapa. Ningepokelewa kule, ningekuwa nimepokelewa tu. Mimi nilitaka kurudi." Akanyoosha kitambaa chini ya sindano. "Binti yangu, alipokuwa mdogo bado, aliniuliza kwa nini sisi hatupewi mkate. Nikamwambia zamu yetu haijafika."

Nililia. Mzee mzima, kwenye kigoda cha fundi, mbele ya suruali za watu. Alinipa kipande cha kitambaa cha bluu nifutie uso. Nilipotulia nikamwambia yale niliyodhani, kuhusu pumu na mlango na hewa. Alicheka mpaka akashika ubavu, na kila alipotaka kunyamaza alisema "Pumu!" akaanza upya.

Kisha nikamwomba anisamehe, nikamwambia nataka kumrudisha. Akasimamisha kicheko.

"Kunirudisha wapi, Baba? Kundi lipi? Waliosikia jina langu likisomwa wako nusu kule, nusu huku."

Hapo ndipo lilipokuwa fundo. Kundi lile lingekuwa chini ya paa moja siku moja tu, Jumamosi ile ya mkutano, na baada ya hapo pengine lisionane tena mpaka mbinguni, kama huko nako hawatagawana milango. Lakini nikisimama Jumamosi na kulisoma jina lile, nitakuwa nimempa mchungaji kijana rungu la kumpigia rafiki yangu. Mwalimu mkuu ameniomba nithibitishe kwamba hakuna aliyebaki nje. Nisiposoma, Fundi atabaki nje mpaka kufa, yeye au mimi. Nami hata kuhusu Kinanda nilikuwa bado sijui nasimama wapi. Sikutaka mtu alitumie kosa langu kumaliza swali ambalo mimi mwenyewe sijalimaliza. Nilimwambia Fundi hivyo hivyo, kwa fujo zake zote.

"Nitakuja Jumamosi," akasema. "Kufanya nini, sijui. Nitakuja."

Jumamosi kanisa lilijaa. Waliobaki walikaa kushoto, waliotoka wakakaa kulia, na katikati ile njia ya maharusi ikawa mpaka. Mke wangu alikaa kushoto. Mimi niliwekewa kiti mbele, katikati kabisa, daftari mapajani. Nyuma kabisa, karibu na mlango, benchi la mwisho lilikuwa na watu wawili: Kinanda na Fundi.

Mwalimu mkuu alifungua. Akaeleza kwa ufasaha kwamba nidhamu ya kanisa si ukatili, ni mlango wenye bawaba, unafunga na kufungua. "Baba Mchungaji atatusomea," akasema, akanitazama kwa imani hata nikatamani kuugua.

Nikasimama. Nikaomba maji. Nikasema, "Kila jina humu lina tarehe mbili, isipokuwa moja." Nikaeleza yote, mama yangu, mwinjilisti, kabati. Nikasema kosa si la nidhamu wala si la kukosa nidhamu, ni langu, na mtu asilichukue kwenda nalo kwake kama nyama. Upande wa kushoto walianza kunong'onezana kwa furaha, nikawakaripia. Upande wa kulia, mwalimu mkuu alivua miwani akaanza kuipangusa, ingawa haikuwa na vumbi. Nilimwumiza rafiki yangu, na nilijua.

Kisha nikalisoma jina la Fundi, majina yake yote matatu, kwa sauti ileile niliyolisomea mara ya kwanza, au iliyobaki ya sauti ile. Nikanyoosha mkono wa kulia. "Mwanangu, njoo. Nimekuita."

Alisimama. Nilimwona akishika ukingo wa benchi la mbele yake. Watu wote wakageuka, kushoto na kulia, kwa mara ya kwanza siku ile wakitazama mahali pamoja. Alipiga hatua moja. Akamtazama Kinanda, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akitazama vidole vyake. Akasimama.

"Baba Mchungaji," akasema, "nashukuru. Siku hii nimeingoja. Lakini nikija huko mbele, huyu namwachia nani?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuelekezwa. Mchungaji kijana akafungua mdomo, mwalimu mkuu naye akafungua wa kwake, nami nikawanyamazisha wote kwa mkono uleule niliokuwa nimeunyoosha. Aliulizwa nani? Niliulizwa mimi. Nikatafuta jibu katika yote niliyosoma na yote niliyohubiri, nikayakuta majibu mawili, na kila moja likimtazama mwenzake kwa chuki. Mpaka leo yanatazamana hivyo hivyo.

Mkono ukachoka kunyooshwa, na mtu haji. Basi nikaanza kwenda mimi. Ni mbali, kutoka mbele mpaka mlangoni. Sikuwahi kujua ni mbali kiasi hicho, maana miaka yote wao ndio waliokuja. Nilikwenda nikishikilia benchi la kushoto, kisha la kulia. Sikujua kama nakwenda kumchukua Fundi nimlete, au kumwomba aniachie siku nyingine, au kumgusa Kinanda kichwa kama nilivyomgusa siku ya ubatizo. Nilipofika goti likagoma. Nikakaa pale, benchi la mwisho.

Kule mbele kukatokea mshindo wa sauti. Wa kushoto walidhani nimechagua, wakashangilia. Wa kulia walidhani nimechagua, wengine wakaanza kukusanya mikoba. Hakuna aliyeuliza habari za goti. Nilitaka kusimama niwaeleze, kisha nikaona kwamba sitaki kusimama, na hilo nalo sikulielewa.

Nilitazama mbele. Miaka thelathini na minne nililijua kanisa hili kutoka upande ule mwingine. Kutoka benchi la mwisho mimbari ni ndogo, nguzo inaficha meza, na mwalimu mkuu, ambaye sauti yake naijua kuliko yangu, alikuwa anasema jambo ambalo sikulisikia hata neno moja.

Fundi alirudi mahali pake. Akamsukuma Kinanda kwa kiwiko ili asogee, nipate nafasi ya kunyoosha mguu. Kisha akaniinamia sikioni.

"Kaa, Baba," akasema. "Hapa hewa ni nzuri."